Sekunde 4, Sekunde 11

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya mafundi wa viwanda na wanafunzi

Wazee wangu wa kazi, nanyi vijana, jambo yenu wote. Leo nasema juu ya kutabiri kwa data kuharibika kwa vifaa vya usalama.

Pampu ikiharibika utajua saa hiyohiyo: maji hayaji, msimamizi anapiga simu, kazi inasimama. Kifaa cha usalama si hivyo. Vali ya dharura, ile ya kufunga bomba la asidi hatari ikitokea, hukaa wazi miezi na miezi bila kuguswa, na iliyokwama haina tofauti kwa macho na ile nzima. Ugonjwa wake hujulikana siku ya kuipima, au siku bomba limepasuka.

Chukua kifaa ambacho kwa wastani huharibika mara moja kwa miaka 10, na hupimwa mara moja kwa mwaka. Kikiharibika, kwa wastani kitakaa nusu mwaka kikiwa kibovu bila mtu kujua. Nusu mwaka katika miaka 10 ni asilimia 5, yaani ukikihitaji mara 20, mara moja hakitakuitikia. Kipimwe kila miezi 6, hatari inashuka hadi asilimia 2.5. Lakini hesabu hii inadhani kifaa hufa ghafla. Vingi hudhoofika kwanza, na udhoofu huacha alama.

Nilipoanza kazi katika kiwanda kimoja cha shaba, tulikuwa na vali kama hiyo. Tuliipima kila miezi 3, na daftarini tuliandika herufi tatu mnazozijua wote: RAS, hakuna la kuripoti. Ukurasa mzima RAS. Mzee mmoja wa zamu yetu hakuridhika nazo. Aliangalia saa yake ya mkononi, akaandika pembeni kwa penseli sekunde ambazo vali ilichukua kujifunga. 4. 4. 5. 7. Mwisho wa kiangazi, 11. Kila mara vali ilifunga, kwa hiyo kila mara RAS ilikuwa kweli! Tulipoifungua tulikuta tundu la kutolea hewa, dogo kuliko ncha ya kidole, limezibwa na vumbi jekundu lililoshikana na mafuta ya kompresa kama udongo wa mfinyanzi. Hewa ya kompresa ndiyo huishikilia vali wazi; springi haiwezi kuifunga mpaka hewa hiyo itoke, na hewa ilikuwa inatoka kwa taabu. Tukalisafisha. Sekunde 4.

Huo ndio utabiri ninaousema. Wengi wakisikia utabiri kwa data huwaza programu za kompyuta zinazojifunza zenyewe. Hizo hufaa penye vifaa vingi na hitilafu nyingi. Kiwanda chenye vali 12 za dharura kina hitilafu chache mno, na programu haijifunzi kitu ambacho haijakiona. Namba tano za penseli zinatosha kumtuma fundi achukue spana.

Na vihisi vya gesi ni vivyo hivyo. Unapokipa kihisi gesi ya kipimo, ile ambayo kiwango chake unakijua, andika kilisoma ngapi kabla hujakirekebisha. Tunaandika namba ya baada ya kurekebisha, ambayo siku zote ni nzuri, na ushahidi tunaufuta kwa mikono yetu. Jambo hili linaniuma sana.

Huko Uingereza, usiku wa kuamkia 11 Desemba 2005, kipimo cha kuonyesha kina cha petroli tangini kilikwama kwenye bohari la mafuta la Buncefield. Petroli ikaendelea kuingia, na swichi ya akiba iliyopaswa kuizuia nayo haikufanya kazi. Tangi likafurika, wingu la mvuke likalipuka, watu zaidi ya 40 wakaumia. Wachunguzi waligundua kwamba kipimo hicho kilikuwa kimekwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti. Mara nyingine wasimamizi walikikwamua wenyewe, mara nyingine fundi aliitwa. Chanzo hakikupatikana.

Sisi hapa umeme unatukatikia, na tunalalamika kwa haki. Lakini vali isiyo na betri ya akiba hujifunga kila umeme unapokatika, maana hewa yake huachiwa itoke, na hilo ni jaribio ambalo hukulilipia. Kompyuta ya chumba cha udhibiti, ikiwa yenyewe ina betri, inaweza kuwa imeshaandika saa umeme ulipokatika na saa vali ilipofika mwisho. Toa moja kwenye nyingine, umepata sekunde zako.

Daftari la mzee nimekuja nalo. Lipitisheni mkono kwa mkono, taratibu, maana penseli inafutika.