Barbara, Waazteki na ile mvua (The Aztecs, 1964)

REHEMA: Haya tumeanza. Leo ni The Aztecs, ile stori ya mwaka 1964 ya Doctor Who, tamthilia ya TV ya Doctor anayesafiri kwenye wakati na wenzake, episodi nne, BBC waliirusha kuanzia 23 Mei mpaka 13 Juni. Juzi usiku nimeiangalia tena zote kwa mpigo, nikazima taa na usingizi haukuja.

BARAKA: Kisa nini?

REHEMA: Yule kijana wa kafara. Ngoja twende taratibu kwa ambao hawajaiona. TARDIS, chombo cha Doctor cha kusafiria wakati, inatua Mexico ya kale ndani ya kaburi la kuhani wa zamani wa Kiazteki anaitwa Yetaxa, Barbara, mmoja wa wasafiri wenzake, anaona bangili anaivaa, wanatoka nje mlango unajifunga nyuma yao na kwa nje haufunguki, basi watu wakiona ile bangili wanasema huyu Yetaxa huyu, kazaliwa upya. Anakuwa mungu hapohapo. Na Barbara ni mwalimu wa historia, hawa Waazteki anawajua vizuri, anajua kabisa yule Mhispania Cortés atakuja kuwateka, maana alitua 1519 na ilipofika 1521 mji wao mkuu Tenochtitlan ukawa umeanguka. Anawaza nikikomesha kafara za watu, Wahispania wakifika watakuta watu wa kuheshimiwa, hawatawamaliza.

BARAKA: Na Doctor anamkatalia katakata, historia haibadilishwi hata mstari mmoja.

REHEMA: Hasikii. Anasimamisha kafara ya kuomba mvua mbele ya umati, kijana badala ya kushukuru anaona kavuliwa heshima yake yote, anajirusha toka juu ya hekalu anakufa. Halafu mvua inanyesha! Yaani kwa macho ya wale watu kafara imefanya kazi na mungu wao ndo alitaka kuizuia. Barbara siku ile hajaokoa mtu, na ushahidi wote uko upande wa kisu.

BARAKA: Hapo ndo nataka kusema kitu kuhusu Tlotoxl, kuhani wa kafara, John Ringham anamcheza vile kajikunja kama mtu ananusa mawindo. Sote tunamwita mwovu, lakini hebu fikiria, toka kafara izuiwe anasema huyu mwanamke si Yetaxa, na ni kweli si Yetaxa! Mwongo kwenye hii stori ni mtu tunayempenda.

REHEMA: Aisee. Sikuwahi kuiona hivyo.

BARAKA: Ndo maana mi stori za historia tupu za miaka ile nazipenda kuliko za mazimwi, kwa sababu hamna wa kumpiga ukashinda, kuna watu na imani yao, na we mgeni unajua mwisho wao halafu huwezi kuwasaidia.

REHEMA: Jacqueline Hill, anayemcheza Barbara, kabeba yote mabegani. Sehemu ile wanataka kumpa sumu yeye anakaa wima kwenye kiti kama mungu kweli, na ukimwangalia machoni unaona anaogopa.

BARAKA: Susan, mjukuu wa Doctor, ndo haonekani sana katikati, anayemcheza, Carole Ann Ford, alikuwa likizo, vipande vyake vya episodi ya pili na ya tatu vilirekodiwa kabla. Ila kile cha kukataa kuolewa na yule kijana mwingine wa kafara kizuri sana.

REHEMA: Tumshukuru Mungu tu ipo. Marco Polo, stori nyingine ya Doctor Who, aliiandika John Lucarotti, huyuhuyu aliyeandika hii, episodi saba, na video zake zote zimepotea, imebaki sauti.

BARAKA: Inauma. Sasa we Autloc unamwonaje, kuhani wa maarifa? Alimwamini Barbara mpaka mwisho, akapoteza cheo, mali, kila kitu, akaenda zake nyikani. Doctor anamfariji Barbara kwamba angalau huyo mmoja kamsaidia.

REHEMA: Mi hiyo faraja siikubali. Mzee wa watu kavunjwa imani uzeeni halafu tuseme kasaidiwa?

BARAKA: Shaka alikuwa nayo kabla Barbara hajafika, dada. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia.

REHEMA: Labda. Bado naona kalipa yeye gharama ya Barbara.

BARAKA: Na Cameca je, yule mama wa Kiazteki? Doctor anamtengenezea kakao bila kujua kwa mila yao ndo kaposa tayari, na uso wa William Hartnell, anayemcheza Doctor, anapogundua, anashtuka halafu anafurahi, vyote pamoja. Anampenda yule mama, mi nina uhakika.

REHEMA: Anampenda. Mwishoni kaburini anaweka chini lile pambo alilopewa na Cameca, anageuka kuondoka, halafu anarudi analichukua. Yeye aliyemkataza Barbara asiguse chochote cha wale watu.

BARAKA: Na Cameca kabaki kule, kawasaidia kutoroka huku anajua harusi hamna.

REHEMA: Margot Van der Burgh, anayemcheza Cameca, pale wanapoagana haongei sana. Irudieni hiyo dakika, mumwangalie yeye, Doctor mwacheni.