Ndege Hawaogopi Ndege: Siku Moja Kwenye Viota vya South Brother

SALIM: Hodi hodi wasikilizaji. Salim hapa, niko Mombasa, saa tatu usiku, umeme upo, tumshukuru Mungu. Mwenzangu Rehema yuko Bronx, New York, huko ndiyo kwanza saa nane mchana. Dada, umerudi mzima?

REHEMA: Mzima, ila mikono imekwaruzwa utadhani nimegombana na paka. Na kofia yangu nimeitupa.

SALIM: Kofia tutaifikia. Waambie watu kwanza ulikwenda wapi.

REHEMA: Kisiwa cha South Brother, kuhesabu viota vya ndege. Kiko kwenye mkondo wa East River, katikati ya jiji kabisa. Upande mmoja Bronx, upande mwingine Rikers, kile kisiwa cha gereza, na nyuma ya Rikers uwanja wa ndege wa LaGuardia. Ni ekari 7 tu, kama viwanja vinne vya mpira ukivibana. Hakuna anayeishi pale. Zamani tajiri mmoja wa kiwanda cha bia, Jacob Ruppert, alikuwa na nyumba yake ya mapumziko. Ikaungua mwaka 1909, basi pori likachukua chake. Mwaka 2007 kikanunuliwa na kukabidhiwa idara ya bustani za jiji, kwa ajili ya ndege.

SALIM: Ndege gani?

REHEMA: Hapo ndipo nilipocheka peke yangu kwenye mashua. Nilitarajia viumbe vya kigeni. Kumbe yangeyange mkubwa, yuleyule tunayemwona kwenye vinamasi vya nyumbani. Koikoi wa usiku mwenye utosi mweusi, yuleyule. Kwarara mweusi anayemetameta, yuleyule. Halafu yuko mweupe mdogo mwenye miguu myeusi na vidole vya njano. Huyo si wetu, lakini ukimweka pembeni ya yangeyange mdogo wa Mtwapa utakesha ukitafuta tofauti.

SALIM: Sisi huku wote tunawaita korongo tu, tunamaliza.

REHEMA: Ukisema hivyo pale utapewa kazi ya kubeba maji. Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo, kujua kiota hiki cha nani na kile cha nani. Wote wanajenga pamoja, matawi kwa matawi. Wakubwa juu, wadogo chini, na wale mnandi wamejitwalia miti yao. Mayai karibu yote ni ya buluu iliyochanganyika na kijani. Viota ni vijiti vilivyotupwatupwa, vingine unaona mbingu kwa chini.

SALIM: Sasa yai lililo juu ya mti unalionaje? Mnapanda?

REHEMA: Hatupandi. Tuna upondo mrefu, juu umefungwa kioo. Unauinua, unachungulia kiota kwenye kioo, unasema kwa sauti: "yangeyange mkubwa, matatu." Mwenzako anaandika. Wa tatu anaweka alama kwenye mti ili kundi linalofuata lisihesabu tena. Tunatembea kwa mstari, bega kwa bega, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka.

SALIM: Mnakaa siku nzima?

REHEMA: Siku nzima? Saa moja na ushee, na mkubwa wa safari anatazama saa yake kuliko anavyotazama ndege. Na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo leo. Salim, pale angani zinapita ndege za abiria, chini, unaona mpaka magurudumu. Zinanguruma hata mnashindwa kusikilizana. Koikoi ametulia kwenye mayai yake, hata jicho hageuzi.

SALIM: Ndege hawaogopi ndege.

REHEMA: Haya, jina la kipindi umelipata. Lakini mimi, mwanamke wa kilo sitini na kitu, nikikanyaga kijiti kimoja, nusu ya kisiwa inaruka. Inaruka yote! Na mayai yanabaki wazi. Jua likiwa kali, yai linapikwa. Mvua ikinyesha, kinda asiye na manyoya anapoa anakufa. Na kunguru na shakwe wako pembeni wanasubiri. Wamekwishajifunza kwamba watu wakija, mlango umefunguliwa.

SALIM: Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kuwalinda ndio mnaowafungulia mwizi.

REHEMA: Ndiyo, na hakuna wa kulikataa hilo. Ndiyo maana siku ya mvua haendi mtu, siku ya joto kali haendi mtu. Ndiyo maana tunakwenda kabla makinda hayajakua sana, kwa sababu kinda wa wiki mbili tatu akiogopa hushuka kwenye kiota akaparamia matawi, na wengine huanguka. Na hesabu kamili ya bandari nzima ya New York haifanywi kila mwaka. Inafanywa kila mwaka wa tatu, hapo katikati wanatembelea visiwa vichache tu. Namba inakuwa na mapengo, lakini ndege wanapumua.

SALIM: Ngoja nikubane. Kama kuhesabu kunaumiza, kwa nini msiwaache? Mimi hapa hakuna anayehesabu yangeyange wa mtaani, na wapo.

REHEMA: Wapo? Ule mwembe wa karibu na kwenu, walipokuwa wanalala mamia?

SALIM: Ulikatwa. Watu walichoka na kinyesi kwenye magari.

REHEMA: Na yangeyange walikwenda wapi?

SALIM: ... Mungu anajua.

REHEMA: Basi ndiyo hivyo. Hapa walihesabu, kwa hiyo wanajua. Karne ya 19 hawa ndege waliuawa kwa ajili ya manyoya ya kofia za wanawake. Manyoya yale marefu ya mgongoni huota msimu wa kuzaa, kwa hiyo mwindaji alimuua mama kiotani na makinda yakafa njaa. Mwaka 1918 ikaja sheria ya kulinda ndege wanaohama, lakini maji ya bandari yalikuwa machafu, samaki hakuna, hawakurudi. Mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria ya maji safi, na miaka ileile ya 1970 wakaanza kuonekana tena, kwenye visiwa vidogo vya upande wa Staten Island, magharibi mwa bandari: Shooters, Prall's, Isle of Meadows. Kimoja kilikuwa kimepakana na jaa kubwa la taka la jiji!

SALIM: Wakachagua jalala.

REHEMA: Walichagua mahali ambapo mtu hafiki. Watu wa jumuiya ya ndege ya jiji, ambayo siku hizi inaitwa NYC Bird Alliance, wakaanza kuhesabu miaka ya 1980. Januari 1990 bomba la mafuta likapasuka, zaidi ya lita milioni 2 zikaingia kwenye mkondo wa visiwa vile vya Staten Island. Kwa sababu daftari lilikuwepo, waliweza kuonyesha nini kilibadilika baada ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visiwa vile vya magharibi vilikuwa vitupu. Ndege wakahamia upande wa huku kwetu.

SALIM: South Brother.

REHEMA: Na pacha wake, North Brother. Kile chenye magofu ya hospitali, alikofia Mary Mallon mwaka 1938, yule mpishi aliyeambukiza watu homa ya matumbo. Koikoi wa usiku walijaa pale kwa mamia ya viota. Ilipofika 2008, hawapo. Na huko hakukupasuka bomba. Waliondoka tu, na kisiwa kimebaki na miti yake.

SALIM: Hiyo inatisha kuliko mafuta.

REHEMA: Nami ndivyo nilivyohisi. Unapita na mashua, miti mizuri, hakuna hata unyoya.

SALIM: Na wale wetu wafuatao ng'ombe? Nasikia wao walivuka bahari.

REHEMA: Wale ni wasafiri hasa. Walivuka Atlantiki kutoka Afrika wenyewe, bila mtu kuwabeba. Mwishoni mwa karne ya 19 wakaonekana kaskazini mwa Amerika Kusini, mwaka 1941 wako Florida, mwaka 1953 wakapatikana wanaatamia. Wakapanda mpaka bandari ya New York, wakajenga viota na wenzao. Kisha wakapungua, wakatoweka hapa.

SALIM: Wamekosa ng'ombe.

REHEMA: (anacheka) Bronx ng'ombe utampata kwenye mkate tu.

SALIM: Jambo la mwisho. Mwaka huu mmepata viota vingapi?

REHEMA: Sitakwambia, ripoti haijatoka na mimi si msemaji. Na hata ikitoka, uisome vizuri. Namba ile ni ya viota vyenye mayai siku tuliyopita. Koikoi anaanza kuatamia yai la kwanza likishatoka, kwa hiyo kinda wa kwanza ana siku kadhaa mdogo wake anapototolewa. Chakula kikipungua, mdogo hapati. Mayai matatu kwenye kioo huenda yakawa kinda mmoja angani.

SALIM: Kofia sasa.

REHEMA: Kinda wa koikoi akiogopa, anatapika. Ndiyo silaha yake. Na wewe uko chini ya mti, umeinua uso, umeshika upondo kwa mikono yote miwili, huwezi hata kujifunika. Samaki wa jana, Salim. Nusu ameyeyuka, nusu bado ana macho.

SALIM: Astaghfirullah!

REHEMA: Mkubwa wa safari badala ya kunionea huruma akainama, akamwangalia yule samaki begani kwangu, akaniambia nisitikisike, akatoa daftari.