Mtoto Anapopiga Mayowe, Nani Anafundishwa?

Ndugu wazazi na walezi, habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie watoto "watukutu". Neno hilo tuliweke kando kwanza, maana halituambii mtoto anafanya nini, anafanya lini, wala akishafanya anapata nini. Hilo la mwisho ndilo lililonileta.

Nianze na kwangu. Mwanangu alikuwa na miaka 6. Kila jioni namwambia, "Zima simu, kaoge." Kimya. Narudia, ananuna. Mara ya tatu napaza sauti. Naye huyo chini, anapiga sakafu kwa visigino, mayowe mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Nimetoka kazini, kichwa kinanigonga. Nasema, "Haya basi, dakika kumi tu." Nyumba inatulia. Namshukuru Mungu.

Sasa pigeni hesabu. Mtoto kajifunza kwamba mayowe yanalipa. Na mimi nimejifunza kwamba nikilegea, napumzika. Kesho yake anaanzia pale alipoishia, nami nalegea mapema zaidi. Au namzaba kofi, ananyamaza, najifunza kwamba kofi nalo linalipa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gerald Patterson, aliyefanya kazi na familia za namna hii kwa miaka mingi, aliueleza mzunguko huu kwa kina mwaka 1982.

Msinielewe vibaya: sisemi mzazi ndiye chanzo. Wapo watoto wanaozaliwa na moto wao. Wapo wenye hofu kubwa, na hofu ya mtoto mara nyingi huvaa sura ya ukaidi. Halafu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia pupa, hukomaa polepole hadi umri wa miaka ishirini na kitu. Mnamdai mtoto breki ambazo bado zinaundwa.

Tufanyeje? Msogelee, sema mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha simama hapo hapo. Ila mjue kitu ambacho wengi hawaambiwi: ukiacha kulegea, mayowe yanaweza kuongezeka kwanza kabla ya kupungua. Ukikubali siku ya nne, umemfundisha kwamba alipaswa kulia zaidi. Kama leo huna nguvu ya kusimama, mpe hizo dakika kumi kabla hajalia.

Lakini amri peke yake hazitoshi. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Sheila Eyberg, tangu miaka ya 1970, alibuni tiba ambayo mzazi anacheza na mtoto huku mtaalamu akimwelekeza kupitia kifaa cha sikioni. Nyumbani mzazi anapewa dakika 5 kila siku: mtoto aongoze mchezo, wewe usiamuru, usiulize, usikosoe. Rahisi? Mimi sikumaliza hata dakika moja. "Mbona hilo gari halina mlango?" Tayari nimeuliza, na nimekosoa.

Mtoto akijiumiza, au akisema anatamani kufa, hayo si ya kusubiri mchezo. Mpelekeni kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Naona mkono kule nyuma. Mama anauliza: nikishikilia msimamo, bibi yake analegeza, nifanyeje? Mama, usibishane naye mtoto akiwepo. Mfuate bibi kabla, kwa heshima, umwombe jambo moja tu, simu ya jioni. Mengine mwachie adekeze.