Mfumo wa klorini ya chumvi: tuanze na bomba

Haya tuendelee, walio nyuma sogeeni mbele kidogo. Leo naongelea bomba tu. Mfumo wa chumvi wa bwawa la kuogelea ukisumbua watu wanakimbilia kile kiboksi cha ukutani kwa sababu ndicho kinachowasha taa nyekundu, lakini klorini haitengenezwi kwenye kiboksi jamani, inatengenezwa kwenye seli, kile chombo kilichofungwa kwenye bomba, na seli inataka maji yaijaze na yapite bila kusimama.

Ndani ya seli kuna sahani za titani, maji ya chumvi kama gramu 3 au 4 kwa lita (ya bahari ni kama 35, ndo maana bwawani huisikii sana mdomoni) yakipita hapo na umeme upo, upande mmoja inatoka klorini, wa pili hidrojeni. Hiyo hidrojeni ndo yenye kesi. Pampu ikiwa inazunguka maji yanaisomba, unaona vipovu vidogo tu vinatokea kwenye matundu ya bwawa, hamna shida. Ila pampu ikizima na seli ikabaki na umeme, gesi inajikusanya humo humo na seli inaweza kupasuka, tena kwa kishindo.

Sasa kuna swichi ya mtiririko, ina kaulimi kanakosukumwa na maji. Nje ina mshale, na bado utakuta mtu kaifunga kinyume! Mwingine kaibana hapo hapo baada ya elbo (kona ya bomba), maji yanatoka yamevurugika, kaulimi kanapigapiga, mashine inawaka inazima inawaka, halafu fundi anasema bodi ya umeme kwenye kiboksi imekufa. Mpe bomba lililonyooka, sentimita 30 hivi kabla ya swichi, uone kama hiyo bodi haijafufuka. Na usiiamini swichi peke yake, umeme wa seli ufungwe pamoja na wa pampu, pampu ikizima na seli izime. Halafu mimi napenda seli ilale juu, maji yaingie yakitokea chini na yatoke yakishuka, maana mtiririko ukikatika gesi inabaki juu, inasukuma maji chini, sahani zinabaki kavu na uzalishaji unakata wenyewe.

Mpangilio mnaujua: pampu, filta, hita kama ipo, seli mwisho. Kati ya hita na seli weka valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo pampu ikilala maji yenye klorini kali yanarudi taratibu kwenye hita na kula shaba.

Pampu za spidi nyingi nazo, mtu anashusha spidi usiku abane umeme, kaulimi hakasukumwi tena, asubuhi klorini hakuna. Pandisha spidi kidogo kidogo mpaka swichi ishike, basi.

Ukiona hewa ndani ya seli angalia upande wa kuvuta, mara nyingi ni oringi (ile pete ya mpira) ya kifuniko cha pampu imekauka, ukikitazama kifuniko chenyewe unaona mapovu yanacheza chini yake. Na ukiosha filta kwa kurudisha maji nyuma zima seli kwanza, maji yote yanaenda nje muda huo.

La mwisho, funga yunioni (viungio vinavyofunguka) pande zote mbili za seli na uache nafasi ya mkono, chokaa itaganda kwenye sahani tu, na hutaki kukata bomba kila unapotaka kuisafisha.