Kadi Inakulipa, au Wewe Ndiye Unayeilipa?

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, ili msije mkadhani nimekuja hapa kuwafundisha kwa sababu mimi ni mjanja.

Kwa miaka 3 nilitembea na kadi ya mkopo ya chuma. Nzito kweli, ukiiweka mezani inalia. Niliichukua kwa sababu ilinipa ruhusa ya kuingia kwenye vyumba vya mapumziko vya viwanja vya ndege. Miaka 3, ada mara 3. Siku nilipokaa kuhesabu nikakuta nimeingia humo mara 2 tu, na mara moja kati ya hizo walikuwa tayari wanaita abiria, nikanywa chai nusu kikombe nikakimbilia mlangoni. Kwa hiyo chukueni ada 3, mzigawe kwa kikombe kimoja na nusu. (Kicheko.) Sijawahi kunywa chai ghali kama ile.

Hakuna aliyenidanganya. Masharti niliyasoma, mkataba nikausaini. Hesabu ndiyo niliyoikosea, na nimeona watu makini kabisa, wengine wahasibu, wakiikosea vilevile.

Kosa lenyewe ni hili. Mtu anaambiwa ada ya kadi ni 100 kwa mwaka, na kila anachonunua atarudishiwa asilimia 2. Haraka haraka anasema: 100 gawa kwa asilimia 2 ni 5,000, na mimi natumia zaidi ya 5,000 kwa mwaka, basi kadi inajilipa. Hapana. Anailinganisha na kutokuwa na kadi yoyote, ilhali mfukoni anayo, au angeweza kuipata, kadi isiyo na ada inayomrudishia asilimia 1. Ile asilimia 1 ni yake tayari. Ada anayolipa inamnunulia ile tofauti tu, asilimia 1 nyingine. Sasa rudieni: 100 gawa kwa asilimia 1 ni 10,000. Kizingiti kimepanda mara mbili, na akifika pale 10,000 bado hajapata faida hata senti, amerudi alipokuwa.

Niwaonyeshe mfano mmoja polepole, kwa sababu humu ndimo mambo yote yalimo. Aliye na kalamu aandike.

Tuchukue mtu anayepitisha 9,000 kwa mwaka kwenye kadi: chakula cha nyumbani 3,000, mafuta ya gari 1,200, mengineyo yote 4,800. Anaitamani kadi yenye ada ya 120. Inarudisha asilimia 4 kwenye chakula, asilimia 2 kwenye mafuta, na asilimia 1 kwingine kote. Chakula kinampa 120, mafuta 24, mengineyo 48. Jumla 192. Anafurahi: nimelipa 120, nimepata 192, nimebaki na 72 mkononi.

Mwenzake ana kadi isiyo na ada, asilimia moja na nusu kwa kila kitu, haina mbwembwe. Kwa matumizi yaleyale 9,000 anapata 135. Hakulipa chochote. Kwa hiyo huyu wetu wa 72 amepoteza 63, na mwaka mzima anajiona yuko mbele.

Kuna atakayesema, basi atumie zote mbili: ya ada kwa chakula na mafuta tu, ya bure kwa yaliyobaki. Mawazo mazuri, tupige. Anapata 144 huku na 72 kule, jumla 216, toa ada, inabaki 96. Bado ile kadi ya bure peke yake inamshinda kwa 39. Ili kadi ya ada ifikie tu ile ya bure, akibaki na kadi hiyo moja, huyu ndugu itabidi ale chakula cha 5,520 badala ya 3,000. Familia kubwa inafika huko bila taabu, na kwao kadi hiyo ni nzuri. Kadi ni ileile. Walaji ndio waliobadilika. Ndiyo maana mtu akiniuliza "kadi fulani ni nzuri?" huwa namjibu kwa kumwomba taarifa zake za akaunti za miezi 12 iliyopita. Za miezi iliyopita, nasisitiza, si makadirio. Katika makadirio kila mtu anasafiri sana.

Na angalieni ukomo. Kadi nyingi zinatoa ile asilimia kubwa mpaka kiasi fulani tu kwa mwaka, kisha zinashuka. Herufi zake ni ndogo, lakini zipo.

Sasa tuje kwenye marupurupu, maana siku hizi kadi za bei kubwa haziuzwi kwa asilimia, zinauzwa kwa orodha. Bima ya safari, punguzo la hoteli, pesa ya kulipia teksi, usajili wa filamu. Wanakujumlishia pembeni na kukuambia thamani yake inazidi ada mara mbili. Mimi nina njia moja tu: chukua kila kipengele ujiulize, kama nisingekuwa na kadi hii, ningekitolea pesa yangu mfukoni? Ungelipa bei kamili, kiandike kwa bei kamili. Ungelipa kama kingeuzwa nusu bei, andika nusu. Usingekinunua kabisa, andika sifuri, hata kama kinapendeza. Chai yangu ile ilikuwa sifuri. Niliiandika kwa bei iliyobandikwa mlangoni.

Halafu kuna mtindo wa kukatakata. Badala ya kukupa 120 mara moja, wanakupa 10 kila mwezi, kwenye huduma fulani tu, na mwezi ukiisha haihamii mwezi ujao. Kwenye tangazo ni 120. Kwa binadamu mwenye shughuli zake ni 60, pengine 70. Aliyebuni utaratibu huo anajua kwamba tunasahau. Na kuna kubaya zaidi ya kusahau: kukumbuka, ukaenda kununua kitu cha 25 ambacho hukukihitaji ili usiipoteze ile 10.

Hili la kutumia zaidi si maneno yangu tu. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT walichapisha jaribio: waliwapa wanafunzi nafasi ya kutaja bei kwenye mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei ambazo kwa wastani zilikuwa takribani mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Jaribio moja, tiketi za aina moja, tusilipanue kupita kiasi. Lakini ukiifuata asilimia 2 ukatumia asilimia 5 zaidi, hesabu yote ya leo tuifunge.

Pesa hizi za zawadi zinatoka wapi? Nitapita haraka. Sehemu kubwa inatoka kwa mfanyabiashara, anayekatwa kila unapolipa kwa kadi. Mkato huo ukibanwa, zawadi nazo hukauka. Australia ilipopunguza tozo hizo mwaka 2003, pointi, yaani zawadi zinazohesabiwa kwa alama badala ya pesa, zikapungua thamani na ada za mwaka zikapanda. Umoja wa Ulaya mwaka 2015 uliweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, ndiyo maana zawadi za huko ni nyembamba ukilinganisha na Marekani. Sehemu nyingine inatoka kwa wenye kubeba deni, na hapa nitasimama kidogo.

Ukibeba deni la 1,000 mwaka mzima kwa riba ya asilimia 20, umelipa kama 200. Ili upate 200 kwa kadi ya asilimia 2, lazima utumie 10,000. Yaani deni dogo hilo limemeza zawadi za mwaka mzima, na ada hatujaigusa. Kwa anayebeba deni kutoka mwezi hadi mwezi, mhadhara huu haumhusu. Atafute kadi yenye riba ndogo, pointi azisahau kwa sasa. Nasema bila kumsimanga mtu. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa huko.

Kuhusu pointi, neno moja. Si pesa mpaka uzitumie. Hazizai riba, na aliyezitoa anaweza kuamka kesho akasema safari iliyokuwa pointi 30,000 sasa ni 40,000. Kuzirundika ukisubiri safari ya ndoto ni kuhesabu samaki walio baharini. Ukitaka kujua thamani ya pointi yako, chukua bei ya tiketi ambayo kweli ungeinunua, toa kodi utakazolipa hata hivyo, gawa kwa idadi ya pointi.

Na ile bonasi kubwa ya kujiunga? Ichukueni, kama matumizi yanayotakiwa mngeyafanya tu. Lakini ihesabuni kwenye mwaka wa 1 peke yake. Mwaka wa 2 ada inarudi, bonasi hairudi, na watu wengi wanaibeba ile furaha ya mwaka wa kwanza mpaka mwaka wa nne.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, mama. Anauliza: ada ya mwaka huu nimeshakatwa, na kwa hesabu yako kadi hainifai, nifanyeje? Swali zuri. Kwanza, soma mkataba. Zipo benki zinazorudisha ada ukifunga kadi siku chache baada ya kukatwa. Kama siku zimepita, pesa hiyo imeshakwenda, usiifukuze kwa kununua vitu. Tumia marupurupu yale ambayo ungeyalipia hata hivyo. Kisha weka ukumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya tarehe ya ada ijayo. Siku hiyo ukiipigia benki simu, usianze na neno kufunga. Waulize kama wana kadi isiyo na ada wanayoweza kukuhamishia, akaunti ikabaki ileile na historia yake. Lakini pointi zako zitumie kabla ya kupiga simu.

Ndiyo, mama, uandike leo. Simu si unayo hapo?