Kanga za Mama Darini

ATHMANI: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu wa Lamu. Mwanaisha hajacheka tangu Jumatatu.

MWANAISHA: Waaleikum salaam. Tokeni za umeme, Athmani! Wiki ya pili tangu nifunge paneli nne za sola, na tokeni zinakwisha mbio kuliko zamani. Jumatatu saa saba mchana nimezima kila chombo nyumbani, friji nimeichomoa, nikasimama mbele ya mita. Taa yake nyekundu inapepesa kama nyumba yenye harusi.

ATHMANI: Saa saba, na jua lile.

MWANAISHA: Ndipo nilipong'amua. Umeme wangu unatoka kwenda kwenye nguzo, na mita ile haijui kuingia na kutoka. Unaopita wote inauhesabu kuwa nimetumia. Nimewapa umeme, kisha nimewalipa.

ATHMANI: Fundi hakukwambia?

MWANAISHA: Hakunambia, nami sikumuuliza leseni. Kanuni za sola za Kenya, zinazosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati, zinataka fundi awe nayo. Wa pili alikuwa nayo. Akafunga kipimo kidogo kwenye waya mkuu, inverta, ile mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, ikawa inajipunguza kila umeme unapotaka kutoka. Nusu saa, kwisha.

ATHMANI: Basi tuingie kwenye mada. Leo tuliahidi maswali matatu ya kumuuliza fundi kabla hujamlipa...

MWANAISHA: Ngoja kwanza, kuna mama.

ATHMANI: Kanga!

MWANAISHA: Kanga, ndugu yangu. Dari ile ameanika miaka arubaini. Napanda juu, paneli ya pili imevaa kanga, na ya nne ina ng'onda wamepangwa vizuri, vichwa upande mmoja.

ATHMANI: Kioo kile kina moto, ng'onda watakauka upesi.

MWANAISHA: Ndivyo alivyosema yeye! Nikamweleza: mama, hizi zimeungwa mfululizo, moja ikipata kivuli inavuta zenzake chini. Akaniuliza, "Na mimi nianike wapi?"

ATHMANI: Swali la haki hilo.

MWANAISHA: La haki kabisa. Nyumba zetu za mawe zimebanana, ua ni mdogo, jua liko darini tu. Fundi alipopima dari hakumuuliza anayeitumia. Nami sikumuuliza.

ATHMANI: Ziinueni juu ya fremu, apite chini.

MWANAISHA: Na kusi ikivuma? Tena chuma cha fremu na chumvi hii ya bahari... Nimemwachia upande wa kibla. Jana kanga ikarudi kwenye paneli ya pili.

ATHMANI: Ya pili ina nini?

MWANAISHA: Iko karibu na ngazi. Magoti yanamuuma.

ATHMANI: Maskini. Sasa, kwa nini hukuomba mita ya pande mbili, inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka mbalimbali? Kanuni za 2024 zinaruhusu.

MWANAISHA: Nikipeleka uniti kumi nihesabiwe tano? Nusu! Paneli nimenunua mimi, dari ya mama.

ATHMANI: Usiku unawasha nini, dada? Betri huna. Waya mkuu unatoka kituo cha umeme cha Rabai, unapita Malindi na Garsen mpaka kwetu. Nguzo zile nani azilipie, jirani asiyeweza kununua hata paneli moja?

MWANAISHA: Uniti yangu ya mchana haifiki Rabai. Inaishia kwa huyo jirani, naye anauziwa kwa bei kamili.

ATHMANI: Anauziwa pamoja na nguzo.

MWANAISHA: Nguzo ya hatua ishirini!

ATHMANI: Umeme wa kwenye nguzo ukikatika, inverta yako nayo inazima, ili asiuawe fundi aliye juu. Huwezi kusema huutegemei mtandao.

MWANAISHA: Nautegemea, ndiyo. Lakini nusu ni nyingi.

ATHMANI: Mimi naona ni haki.

MWANAISHA: Mimi sioni.

ATHMANI: Haya. Tumebakiwa na dakika mbili, na maswali ya fundi hatujayagusa hata moja.

MWANAISHA: Wiki ijayo, inshallah. Athmani, tazama wingu lile upande wa Shela.

ATHMANI: Mvua hiyo.

MWANAISHA: Ng'onda wako darini, na mama yuko peke yake. Wasikilizaji, kwaherini. Nipishe mlangoni!