Hodi ya Wiki Nzima

JUMA: Karibuni tena. Leo tunaongelea mwanafunzi wa chuo na namna ya kujijengea mtandao wa kitaaluma. Nimeandaa mambo matano, na safari hii nimeyaandika kabisa.

REHEMA: Utayasoma, lakini kwanza ya kwangu. Jumatatu mwanafunzi mmoja niliyekutana naye kwenye warsha kaniandikia, "Habari dada." Nikajibu, "Nzuri, karibu." Kimya. Jumatano: "Za tangu juzi?" Nikajibu salama. Kimya. Jana saa tano usiku: "Upo?"

JUMA: (Anacheka) Ulikuwepo?

REHEMA: Nipo tangu Jumatatu!

JUMA: Wiki nzima anapiga hodi, akikaribishwa haingii.

REHEMA: Usimcheke. Anaogopa nitasema ananitafuta kwa shida tu.

JUMA: Si ana shida kweli? Aitaje! Mimi ni fulani, tulikutana warshani, nasoma kitu fulani, naomba dakika 15 nikuulize kazi hii uliianzaje. Basi.

REHEMA: Huo ujumbe wa mdai. Hata hali hujamjulia mtu.

JUMA: Mtu mmeonana mara moja, hali yake ya nini? Yule mwanasosholojia Granovetter aliwahoji watu waliobadili kazi, akachapisha mwaka 1973. Waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, ni kama 17 tu kati ya 100 waliokuwa wakionana naye mara kwa mara. Wengine wote ni watu wa kukutana mara moja moja au kwa nadra. Rafiki wa bwenini anasikia yale yale unayosikia wewe. Habari mpya iko kwa anayezunguka kwingine.

REHEMA: Granovetter namkubali, wewe sikukubali. Huyo wa nadra atakukumbukaje bila hata salamu? Mwanafunzi akiniambia mwaka wa kwanza kwamba ile makala niliyomwelekeza kaisoma, mwaka wa tatu akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo simwoni mgeni.

JUMA: Hiyo ya makala si salamu, ni taarifa. Mimi napinga "Upo?"

REHEMA: Salamu ndiyo mlango wa taarifa.

JUMA: Mlango gani, na mtu yuko barazani wiki nzima?

REHEMA: Wewe nilikupa namba ya mhariri, ukamwandikia "Naomba kazi." Jina lako hukuweka.

JUMA: Na alinijibu!

REHEMA: Alikujibu "Nani?"

JUMA: Si kajibu? Mazungumzo yakaanza.

REHEMA: Kazi ulipata?

JUMA: Tumebakiwa na dakika mbili.

REHEMA: Ahaa.

JUMA: Na mambo yangu matano hayajaguswa. Nisome moja. La kwanza: anza na waliokutangulia mwaka mmoja tu, maana bado wanakumbuka nani aliwapokea na nani...

REHEMA: Anza nao kwa salamu.

JUMA: Sisomi tena.

REHEMA: Ngoja, ngoja. Kaandika!

JUMA: Kasema shida yake?

REHEMA: "Dada, nakusumbua?"

JUMA: Rehema, usimjibu "karibu."

REHEMA: Nimeshatuma.